Mlango wa Mama Mkwe

Kuchoka kuna madaraja yake, na Ijumaa hiyo Nyamoita alikuwa amefika lile la mwisho, la mtu anayekiona kiti na kuona uvivu hata wa kukiendea. Tangu Jumatano alikuwa amesimama mbele ya meza moja katika ukumbi wa kukodi mjini Kisii, akiwakaribisha watu wacheze gemu ambalo bado halijatoka. Ruhusa ya siku tatu aliyoomba kazini Nyacheki, alikokuwa karani wa kupima majani chai, ilikuwa inaishia hapo, na miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu vya kuazima.

Gemu lenyewe liliitwa Dawa ya Manga. Kilichokuwa mezani kilikuwa demo tu, yaani kionjo cha dakika thelathini, kama vile mama wa sokoni anavyokukatia kipande cha nanasi uonje kabla hujanunua. Mchezaji anakuwa kijana aitwaye Sagero, anayepanda milima ya Manga kutafuta dawa ya ugonjwa ulioingia kijijini kwao. Jasper Omosa alikuwa amelitengeneza peke yake kwa miaka minne, na kwa miaka hiyo hiyo minne alikuwa amempenda Nyamoita. Mambo hayo mawili, gemu na mapenzi, yalikuwa yamekwama pamoja.

"Wamesema nini leo?" Jasper aliuliza kutoka nyuma ya pazia. Macho yake yalikuwa mekundu. Shati lilikuwa lile lile la jana.

Nyamoita alifungua daftari la maoni. "Huyu anasema, 'Picha ziko fiti lakini vita ni vichache.' Huyu, 'Msee anatembea polepole kama ng'ombe wa maziwa.' Na huyu wa mwisho anauliza kama tuko na Wi-Fi."

"Basi?"

"Basi."

Jasper alicheka kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kulia. Akanyoosha mkono kupitia mwanya wa pazia, akamshika vidole. Ukimpenda mtu kwa miaka minne unajua uzito wa mkono wake, na mkono wa Jasper siku hiyo ulikuwa mzito.

"Mama amefika Masimba," Nyamoita alisema hatimaye. "Atakuwa hapa saa nane. Lakini Jasper, amerudia. Anataka kuiona kazi yako, wewe hataki kukuona."

"Kwa hivyo nikae humu."

"Ukae humu."

Jasper aliuachilia mkono wake polepole. "Sawa. Nimezoea."

Maskini, alikuwa na haki ya kuzoea. Miaka miwili iliyopita Nyamoita alikuwa amempeleka Masimba amjulishe kwa mama yake, ambaye siku za soko huuza ndizi pale. Mama alipoambiwa tu, "Mama, huyu ndiye Jasper," alijifunika leso usoni, akageuka, akaingia dukani kwa watu na kukaa humo mpaka kijana akaondoka. Nyamoita alilia wiki nzima. Jasper hakuthubutu kurudi, wala kutuma mtu. Ndipo baba mdogo Ogari, ambaye ndiye sauti ya ukoo tangu baba yake Nyamoita afariki, akapata pa kusimamia. Akasema mtoto huyo amelelewa Nakuru, hajui mila wala hana kazi, anacheza na kompyuta. Akamleta wake, Haron, mwenye duka la dawa Nyamira. Krismasi iliyopita mama alimpokea huyo Haron kwa mkono na tabasamu, wakala meza moja. Na Jumapili hii, keshokutwa, wazee wa Haron walikuwa waje kuulizia rasmi.

Juzi mama alikuwa amemwambia Nyamoita neno moja tu: "Kabla sijawajibu hao watu, nipeleke nikaone huyo wako anafanya nini."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya meza hiyo.

Mama Nyamoita aliingia saa nane na robo, leso mpya begani, kikapu mkononi, viatu vyake vya kanisani vikiwa na tope la Masimba. Alimpa mkono bawabu. Akampa mkono msichana wa meza ya jirani, aliyekuwa akionyesha vinyago vya mawe. Akampa mkono hata mpita njia aliyekuwa akitafuta choo. Kisha akaketi mbele ya skrini.

"Haya. Nionyeshe."

Walizungumza Kigusii, kama nyumbani. Nyamoita alimwekea padi mikononi, akamwonyesha kitufe cha kutembea na kitufe cha kuongea. Mama aliishika kwa mikono miwili kwa hadhari, kana kwamba ni kifaranga.

"Kwanza chagua, Mama. Kuna mpiga mkuki, kuna mganga, kuna mpiga zeze la obokano."

"Mkulima yuko wapi?"

"Hakuna mkulima."

"Hakuna mkulima! Sasa hawa watu wanakula nini, mikuki?"

Nyuma ya pazia kitu kilikohoa. Nyamoita aliinamisha kichwa asicheke. Mama alichagua mganga, kwa shingo upande, na Sagero akatokea kwenye kilima chenye ukungu, miguu peku, migomba ikitikisika.

Wote waliocheza siku hizo tatu walikuwa wamefanya jambo moja. Walikata moja kwa moja katikati ya shamba, wakakimbilia mlima ulipo mnyama wa kupigana naye. Mama alifika ukingoni mwa shamba, akasimama.

"Hapa pana maharage."

"Pita tu, Mama. Njia ni hapo katikati."

"Nikanyage maharage ya mtu?"

"Mama, ni picha."

"Aliyeyapanda hakujua ni picha." Na akazunguka shamba lote, polepole, akigonga ukingo na kurudi, dakika sita nzima kati ya thelathini. Watu wawili waliokuwa wanangoja zamu walikata tamaa, wakaenda zao. Nyamoita alisikia nyonga zikimuuma.

Ng'ambo ya shamba alikaa bibi kizee mbele ya nyumba. Mama alibonyeza kitufe cha kuongea. Bibi akamsalimia, "Bwakire, mwanangu." Mama akabonyeza tena. Bibi akasema magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Mama akabonyeza mara ya tatu.

"Mama, ameshaongea huyo."

"Mtu akikwambia magoti yanamuuma unaondoka tu?"

Na lo! Mara ya tatu bibi alimkaribisha uji. Mara ya nne akamtajia mwanawe aliyezama mtoni. Mara ya tano akamwambia, kwa kuwa umekaa nami, usivukie kule kwenye daraja, vukia kwenye mawe, daraja limeoza. Nyamoita aliduwaa. Kwa siku tatu wachezaji wote walikuwa wameanguka na lile daraja, na wote waliandika kwenye daftari kwamba gemu lina kasoro.

"Sauti hii ni yako," mama alisema ghafla.

"Ndiyo. Mabibi wote ni mimi. Wako kumi na wawili."

"Huyu umemwiga marehemu bibi yako."

"Nilimwiga."

Mama akaendelea, akawasalimia mabibi wote kumi na wawili. Kila mmoja alikuwa na la kusema zaidi ya mara moja. Jasper alikuwa amekesha akiyaandika maneno ambayo hakuna kijana hata mmoja aliyeyasikia. Nyamoita alitazama pazia, akatamani aione sura ya mwanaume wake wakati huo. Alimpenda. Alikuwa amechoka, lakini alimpenda, na vitu hivyo viwili vilikaa kifuani mwake bila kugombana.

Kisha Sagero akafika nyumbani kwa kina Kwamboka.

"Huyu Kwamboka ni nani?" mama aliuliza.

"Mchumba wake. Ng'ombe zimeshatolewa. Dawa ya kwanza iko jikoni kwa mama yake Kwamboka. Ingia uichukue."

Mama alimsogeza Sagero mpaka mlangoni. Akamsimamisha. Akaiweka padi mezani.

"Siingii."

"Mama?"

"Ng'ombe zimeshatolewa?"

"Ndiyo."

"Basi mwenye jiko hili ni mama mkwe wake. Kijana aingie jikoni kwa mama mkwe? Amkute amekunja magoti anasonga ugali? Nyamoita, wewe ni mtoto wa wapi? Chinsoni haziko kwenye kompyuta?"

Ee Nyasae, Mungu wangu. Hata Nyamoita mwenyewe hakuwa ameona. Alikuwa amelicheza demo hilo mara mia akitazama taa, mbao na kitufe, na hakuwahi kufikiria kwamba kwa chinsoni, miiko ya heshima kati ya wakwe, mkwe hapiti mlango huo, wala hampi mama mkwe mkono, wala hakai naye chumba kimoja. Jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu kijijini kwao analijua. Na mtoto wa Nakuru hakulijua. Alisikia sauti ya baba mdogo Ogari masikioni: si nilisema?

"Bila kuingia haliendelei, Mama."

"Basi limeishia hapo."

Hapo ndipo pazia lilipofunguka.

"Mama, samahani," Jasper alisema, ametokea mzima mzima, mkono umenyooshwa, jasho usoni. "Ni kosa langu, Mama, naomba nikueleze..."

Mama aliruka kitini kama aliyeona moto. Leso ilikuwa juu ya kichwa chake kabla hata hajasimama sawasawa. Akageukia ukuta. Kikapu kilianguka, ndizi zikatawanyika sakafuni, na vijana wa meza za jirani wakaangua kicheko.

"Nyamoita!" alisema akiwa ameelekea ukutani. "Tulisemaje mimi na wewe? Mwambie arudi!"

Mkono wa Jasper ulibaki hewani. Nyamoita aliuona mkono huo, peke yake, hauna wa kuupokea. Alimsukuma mwanaume wake kifuani, taratibu, mpaka nyuma ya pazia, akaingia naye.

"Umeona?" Jasper alinong'ona. Alikaa juu ya sanduku la kompyuta. "Hata uso wangu hawezi kuutazama. Hata mkono. Nimekuwa nini mimi, mwizi wa kuku?"

"Ungekaa humu ndani, Jasper. Kwa nini ulitoka?"

"Kwa sababu nimechoka kukaa ndani!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Miaka miwili niko nyuma ya pazia, Nyamo. Kama si hili ni lingine."

"Na mimi je? Mimi ndiye niko katikati. Kule naambiwa mwanaume wako hana mila, huku naambiwa mama yako hana huruma. Nimechoka. Nimechoka na daftari hilo, nimechoka na viatu hivi, nimechoka kungoja." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja. "Keshokutwa wazee wa Haron wako getini kwetu. Nitasema nini?"

Jasper alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na macho ya kumtazama mtu hivyo, mpaka ukasahau una viatu vya kuazima.

"Ukiwakubalia," alisema, "sitakulaumu. Naapa. Nitakuwa naumwa, lakini sitakulaumu."

Afadhali angemtukana. Nyamoita aliegemeza paji la uso kwenye bega lake, wakakaa hivyo. Nje ya pazia walimsikia mama akiokota ndizi zake moja moja na kuguna.

"Rekebisha mlango," Nyamoita alisema.

"Nini?"

"Yuko bado. Angekuwa ameondoka ingekuwa jambo lingine. Mchumba ndiye atoke nje aje na dawa. Sagero abaki kwenye migomba. Unaweza?"

Jasper alivuta kompyuta mapajani. Vidole vikaanza kuandika. Nyamoita alitoka, akamwambia mama mtengenezaji ameomba dakika kumi. Mama alikuwa ameketi tena, leso kichwani, mgongo kwa pazia.

"Mwambie hata ishirini," alisema. "Leo nyumba nimemwachia jirani."

Zilikuwa ishirini na tano. Skrini ilizimika, ikawaka. Sagero alisimama tena mbele ya nyumba ya Kwamboka, lakini sasa mlango haukufunguka. Mama alimrudisha nyuma hatua chache mpaka kwenye migomba, akamsimamisha, akangoja. Mlango ukafunguka. Kwamboka akatoka na kikapu cha majani, akavuka ua, akamwekea Sagero mikononi. Ndani ya nyumba, bila mtu kuonekana, sauti ya mwanamke mzima ikasema, "Mwambie aende salama."

Mama aliitazama skrini, padi imetulia mapajani.

"Mm," alisema.

Halafu akapanda mlima, akavukia kwenye mawe, akafika juu. Kupigana na mnyama alimwachia Nyamoita, kwani yeye, alisema, hana ugomvi naye. Saa kumi na nusu mwenye ukumbi alianza kupita akigonga funguo mezani. Alikuwa Msabato, na alitaka pafungwe mapema watu wawahi makwao kabla Sabato haijaingia. Nyamoita alimsindikiza mama barazani.

Simu ya mama iliita. Sauti ya baba mdogo Ogari ilisikika mpaka nje: umemwona huyo kijana?

"Sijamwona," mama alisema, na akakata.

Hapo ndipo uvumilivu wa Nyamoita ulipoisha. "Mama, nikuulize. Jasper alikukosea nini?"

"Nani kasema amenikosea?"

"Kule Masimba ulijifunika uso ukamkimbia. Leo tena, mbele ya watu. Ukiulizwa unasema hujamwona. Amekutengenezea mlango upya na hata neno moja hukumtumia. Kama humtaki niambie tu, nilie yaishe, Jumapili niwapikie hao wageni."

Mama aliweka kikapu chini. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini alimtazama binti yake kutoka juu.

"Haron alipokuja Krismasi nilifanya nini?"

"Ulimpa mkono."

"Kisha?"

"Mkala pamoja. Meza moja."

"Na bawabu hapo mlangoni leo?"

"Ulimpa mkono."

"Na yule aliyekuwa anatafuta choo?"

"Naye pia ulimpa."

"Wewe karani mzima," mama alisema, "unapima majani ya wilaya nzima, hili linakushinda kupima? Mkono ninampa mgeni. Mkono ninampa mtu wa njiani. Mkwe wangu nimpe mkono, nimekuwa mwendawazimu?"

"Lakini Mama... hajawahi kuposa. Hakuna aliyekuja."

"Ndiyo hiyo sasa! Siku ile Masimba mvua ilinyesha. Nikaona kijana nisiyemjua anaingiza mikungu yangu barazani, mmoja mmoja, analowa, haulizi ni ya nani. Akamaliza akasimama kando. Nikasema moyoni, aliyezaa huyu amezaa. Kidogo tu wewe ukaja ukasema, Mama, huyu ndiye Jasper. Ningefanyaje? Nilijifunika. Nikakaa dukani kwa watu nikingoja aende atume wazee." Sauti yake ilichoka ghafla. "Nimengoja miaka miwili. Nikasema labda hanitaki mimi, labda sisi ni watu wa chini kwake. Kumbe mtoto wa watu hajui. Nimelijua leo, pale mlangoni kwa mama mkwe wa kompyuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama anamwambia binti yake, nenda ukaolewe na yule? Wewe uliona wapi?"

Nyamoita aliegemea nguzo ya baraza. Miaka miwili. Wiki nzima ya kulia. Alitaka kucheka, akakosa pumzi ya kuchekea.

"Na baba mdogo?"

"Ogari huniuliza, umemwona? Namwambia sijamwona. Na ni kweli, sijamwona. Akifurahi, hiyo ni shauri yake. Nikifika nyumbani nitamwambia Jumapili nina wageni wengine." Aliinua kikapu. "Mtu aliyekaa akamwandikia kila bibi kizee neno lake, hata la tano ambalo watu hawangoji, huyo ataniuliza magoti yangu nikizeeka. Atayauliza kutoka nje, lakini atayauliza. Haya, rudi. Jua linakwenda."

Nyamoita alirudi ndani akiwa amevua viatu. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Jasper alikuwa akikunja nyaya, pazia limeshushwa, amelikunja na kuliweka juu ya sanduku. Hakuinua macho.

"Amesema nini?"

"Amekataa kukuona."

Mikono yake ilisimama. "Nilijua."

"Amekataa kabisa, Jasper. Amesema hatakuona kesho wala keshokutwa. Hatakupa mkono mpaka azikwe. Hutakaa naye meza moja." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Jasper akainua macho, asielewe, amechoka, mzuri. "Jumapili njoo na wazee wawili. Mkifika getini wazee waingie. Wewe usiguse mlango. Simama kwenye migomba."

Jasper alimtazama. Akatazama skrini iliyozimika. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale, kati ya nyaya, akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Nisimame kwenye migomba," alisema.

"Ungoje. Jibu nitakuletea mwenyewe."